Mgeni kushusha bei ya vitu vya ukumbusho: haki yake au uonevu?

Wakuu, salaam. Kuna hoja inayorudi kila mara, kwamba mtu aliyemudu tiketi ya ndege kwenda nchi ya watu hana sababu ya kumlalia muuza mazulia au mchonga vinyago. Alipe alichotajiwa, aende zake. Mimi naipinga, ingawa si yote.

Kwenye masoko kama Grand Bazaar ya Istanbul, au Khan el-Khalili ya Cairo iliyoanza mwaka 1382, bei ya kwanza hutajwa ili ipunguzwe. Muuzaji ameshaacha nafasi ya mvutano. Ukilipa bila neno, mgeni anayekufuata ataanziwa hapo hapo ulipoishia wewe, au juu zaidi.

Halafu kuna kamisheni, na hapa ndipo wenye huruma wanapopigwa. Kwenye masoko ya Marrakech, ukiingizwa dukani na kijana aliyejitolea kukuonyesha njia, mara nyingi fungu lake limo ndani ya bei kabla hujafungua mdomo. Mama aliyefuma lile zulia aghalabu alishaliuza zamani kwa mnunuzi wa jumla. Ukilipa mara mbili leo, yeye haongezewi hata senti. Anayeneemeka ni dalali.

Ninapokubaliana na wapinzani ni pale fundi mwenyewe anapouza kazi ya mikono yake. Kumbania huyo kwa hela ya nauli ya basi ni roho mbaya tu.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeongelea wenye maduka. Vipi yule mwenye kitambaa chini, saa kumi na moja jioni, hajauza kitu tangu asubuhi? Atakubali hata chini ya mtaji ili apate pesa ya kula. Mgeni anarudi hotelini anajisifu kwamba "amepatana". Mmoja akitaka anaondoka, mwenzake hana pa kwenda. Bei ziandikwe, basi. Morocco wana vituo vya serikali vya kazi za mikono, Ensemble Artisanal, bei zimebandikwa na hakuna anayegombana.

Mchangiaji wa pili:
Bei moja ni jambo jema, ila tuangalie ilikotoka. Waquaker wa Uingereza, dhehebu la Kikristo, waliishikilia tangu karne ya 17 kwa sababu za dini: kutaja bei usiyoitaka waliona ni uongo. Mfanyabiashara Boucicaut akaja kuifanya desturi ya duka lake kubwa la Bon Marché, Paris, kuanzia 1852. Duka kubwa lenye makarani wengi wa mshahara haliwezi kumwachia kila mmoja apange bei yake. Kibandani, mwenye mali ndiye muuzaji, kwa hiyo hakuna kinachomlazimisha kubandika bei.

Hivyo vituo vya Morocco vitumieni kama mizani. Pita kwanza, tazama bei, kisha ingia sokoni. Na kabla ya kubishania zulia, ligeuze. La mkono, ua lake linasomeka vizuri hata mgongoni, na matamvua ni nyuzi zile zile za mtande (zinazopita urefu wa zulia) zilizoachwa nje. La mashine, matamvua mara nyingi yameshonewa pembeni; utauona mshono. Watu wanatumia saa nzima kushusha bei ya kitu ambacho hawajakitazama nyuma!

Mwanzisha mada:
Hilo la mwenye kitambaa chini nalichukua, kwake silegezi maneno: lipa. Kwa wenye maduka nabaki na msimamo wangu. Ila kuna watu wanataja bei, muuzaji anakubali, kisha wanasema "nitarudi". Hao siwatetei.

Mchangiaji wa tatu:
Na muuzaji mliyekwisha kukubaliana, ukitoa kadi anasema kuna nyongeza? Huyo naye mnamtetea?