Nimegongwa na IST nikiwa na baiskeli ya mayai, naombeni ushauri wakuu

Mzee wa Trei (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nauza mayai kwa baiskeli, nayatoa Bunju nasambaza madukani hadi Tegeta. Jumanne iliyopita saa moja asubuhi IST ilichomoka njia ya vumbi, ikaingia lami bila kusimama, ikanipiga ubavuni. Mtulinga wa kulia umevunjika, mkono umefungwa shingoni, nimeambiwa wiki 6 bila kazi. Ringi ya mbele imekunjika, trei 10 zote zimekwenda. Dereva hakukimbia, alinipeleka zahanati na akalipa. Swali langu: mtu muungwana kama huyo unamdai shilingi ngapi bila kuonekana una tamaa?

Kitunguu Maji
Pole mkuu. Mayai 300! Ingekuwa saa nane mchana, kwa lami ya Dar, watu wangekuja na chumvi tu.

Mama Wawili
Pole kaka. Ila na ninyi wa baiskeli mjirekebishe. Helmeti hamna, kioo hamna, usiku taa hamna, mzigo umepita kichwa. Tukiwapigia honi mnatukana.

Mzee wa Trei
Dada, ilikuwa asubuhi kweupe na nilikuwa kushoto kwangu.

Askari Mstaafu
Hela usihesabu kwanza. Kesi iko kituo gani? Trafiki alikuja, akapima, akachora ramani kabla gari halijaondolewa? PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, unayo? Mashahidi umechukua namba zao? Namba ya gari iingize TIRAMIS, mfumo wa Mamlaka ya Bima, uone kama bima iko hai. Hata bima ndogo ni lazima kisheria, na huyo "mtu wa tatu" anayetajwa humo ndiye wewe. Ukifuata utaratibu, mwenye kukulipa ni kampuni ya bima, dereva hatoi mfukoni mwake. Lakini bila taarifa ya polisi, bima hawakujui.

Msafiri wa Rotterdam
Huku Uholanzi gari likigonga baiskeli, sheria inaanza na mwenye gari. Mwendesha baiskeli wa miaka 14 na kuendelea, hata kama na yeye alikosea, kwa kawaida analipwa si chini ya nusu ya hasara. Mtoto wa chini ya hapo analipwa yote.

Kitunguu Maji
Sawa mzungu. Huku sheria inaanza na mwenye honi kubwa.

Babu Kinyozi
Mimi niligongwa na Hiace pale Manzese mwaka 1998, natoka kununua nyembe. Konda akashuka mbio, nikajua anakuja kuniinua. Akaniinamia akaniuliza, "Mzee, unashukia wapi?" Nikapandishwa, nikafika Magomeni, na nauli nikalipa. Goti hili mvua ikikaribia linanipa habari kabla ya redio.

Askari Mstaafu
Mleta uzi, hujajibu. PF3?

Mzee wa Trei
PF3 sina mkuu. Polisi hatukwenda. Zahanati waliponiuliza nilisema nimeanguka mwenyewe, ndivyo walivyoandika. Dereva aliniomba, na mimi nikaona mtu ametoa hela yake hapo hapo, nimfanyie ubaya wa nini?

Nesi wa Zamu
Hapo ndipo ulipojimaliza kaka yangu. Mnasema hivyo mkiogopa kurudishwa polisi, wakati dharura tunaihudumia kwanza, fomu inafuata. Sasa karatasi yako inasema hakuna gari lililokugusa. Kesho asubuhi nenda kituo cha eneo lile, eleza yote, hata kwamba ulidanganya na aliyekuomba ni nani. Chukua PF3, rudi nayo na eksirei, daktari aijaze. Ukichelewa zaidi, nani atajua ulivunjika siku ile?

Mzee wa Trei
Nimekuelewa dada nesi, ila polisi siendi. Dereva ni baba mdogo wa mchumba wangu, na ndiye msemaji wao kwenye mahari. Mahari ni 1,500,000, nimeshatoa 600,000. Kasema kwenye deni langu atakata laki 4, yaishe. Nimeona si mbaya. Hata angenipa taslimu, ingerudi kwao vilevile.

Mama Wawili
Subiri kwanza. Mahari ni ya baba mzazi wa binti. Yeye agonge, kaka yake alipe? Huyo mzee wa watu anajua?

Mzee wa Trei
Bado hajaambiwa. Kasema atamwambia taratibu.

Mpima Chai
Wakuu, chai hii, na sukari imezidi. Mtulinga wa KULIA umevunjika lakini aya zimenyooka, koma ziko mahali pake. Kwenye uzi wa bei ya pumba ulisema unabeba trei 14, leo 10. Na dereva eti kumbe ni mkwe? Leta picha ya eksirei au funga uzi.

Kitunguu Maji
Mimi nilianza kushtuka aliposema dereva hakukimbia.

Babu Kinyozi
Ya kwangu si chai. Goti ninalo.

Mzee wa Trei
Trei 4 nilikuwa nimeshashusha Boko. Kuandika, naongea mimi, anayechapa ni mchumba wangu, hapa nimelala chali. Kama hamtaki kuamini basi.

Nesi wa Zamu
Kumbe wifi yuko humu tangu mwanzo! Wifi, wewe unasemaje?

Mzee wa Trei
Mimi ndiye mchumba. Mwenzangu amepitiwa na usingizi, dawa zile. Akiamka atasoma, na asome tu. Mimi sikutaka mahari yangu iwe gereji. Baba mdogo gari kalipeleka kwa fundi jana, boneti inanyooshwa, taa inawekwa mpya. Lakini Jumanne jioni lilipolala kwetu nililipiga picha. Sikujua za nini, nilipiga tu.

Askari Mstaafu
Binti, namba ya gari inasomeka kwenye hizo picha?

Mzee wa Trei
Inasomeka. Na ganda la yai limenasa kwenye shoo.