Kaka haamini Mungu, katania dini kwenye kundi la familia, sasa hatakiwi kuwa MC wa harusi. Nifanyeje?

Dada_Mtu
Wakuu, salaam. Naombeni busara zenu maana nyumbani pamegeuka mahakama.

Sisi ni familia ya Kikristo, ya kusali kwelikweli. Mjomba wetu ni mchungaji na ndiye bingwa wa vichekesho kwenye kundi la familia. Kaka yangu mkubwa aliacha dini, hamwamini Mungu na wala hafichi. Juzi mjomba katuma kile cha jamaa wa mafuriko: yuko juu ya paa anaomba, ukaja mtumbwi akakataa, ikaja boti akakataa, ikaja helikopta akakataa, "Mungu ataniokoa." Akafa maji. Kufika mbinguni analalamika, anaambiwa: "Nimekutumia mtumbwi, boti na helikopta, ulitaka nikutumie nini tena?" Watu wakacheka hadi basi.

Kaka akajibu palepale: "Mjomba, na majirani zake ambao hawakutumiwa hata mtumbwi, wao wanalalamika dirisha gani?"

Kimya. Mama akajitoa kwenye kundi. Baba anataka kaka aombe radhi mbele ya wote, la sivyo asishike kipaza sauti kwenye harusi ya mdogo wetu, na yeye ndiye aliyepangwa kuwa MC. Kaka anasema hajamtukana mtu, kauliza swali.

Kinachonichanganya zaidi: huyuhuyu kaka niliwahi kumtania, "Asiyeamini Mungu utamjuaje? Usihangaike, atakwambia mwenyewe." Alinuna! Akaniandikia maelezo marefu kama hati ya mashtaka. Sasa nani hapa hajui utani? Na harusi iko karibu.

Mzee_wa_Kona
Binti, pole. Vichekesho hivyo viwili vinafanana lakini vinapiga mahali tofauti. Cha mjomba kinamcheka muumini mkaidi, na kila muumini anamjua mtu wa hivyo, hivyo anacheka kwa raha. Cha kaka yako kinamgusa Mungu mwenyewe, tena kwenye kidonda ambacho waumini wengi wanacho na hawakisemi.

Ila tusijifanye watakatifu. Soma 1 Wafalme 18:27. Eliya anawakejeli manabii wa Baali: pazeni sauti, labda mungu wenu ana shughuli, labda yuko safarini, labda kalala mpaka aamshwe. Kanisani tunalisoma tukitabasamu. Manabii wa Baali sidhani kama walitabasamu.

Nyundo_Moja
Atafutwe MC mwingine. Dini si ya kuchezea. Nimemaliza.

Sina_Dhehebu
Mkuu Nyundo, hujamaliza, umekimbia.

Mimi siamini kama kaka mtu, kwa hiyo nitamsema bila kuonekana nina chuki. Swali lake ni zuri na ni la zamani, Ayubu kaliuliza kwa machozi sura nzima nzima na likabaki ndani ya Biblia. Lakini Ayubu alikuwa amekaa majivuni, alikuwa na haki ya kuuliza. Jamaa kalirusha chini ya kichekesho cha mjomba wake, mbele ya mama yake, mahali ambapo hakuna aliyeomba mdahalo. Utani unaohitaji mtu abishane ndipo acheke huo ni hoja iliyovaa kofia ya utani.

Na hilo la kununa linatuhusu sisi tusioamini, tulikubali tu. Wengi wetu tunajiona ndio wenye akili za kucheka kila kitu, ila akitokea mtu akacheka jinsi tunavyotangaza kutoamini kwetu, tunatoa mhadhara. Mpe kaka yako kisa cha Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza. Mwaka 1918 alifungwa Uingereza kwa maandishi yake ya kupinga vita. Getini askari akamuuliza dini yake, akasema "agnostiki," yaani mtu anayeona haiwezi kujulikana kama Mungu yupo. Askari hajawahi kulisikia, akaomba atajiwe herufi zake, akashusha pumzi: "Haya, dini ni nyingi, lakini nadhani zote zinamwabudu Mungu yuleyule." Russell hakumpa somo. Aliandika baadaye kwamba maneno hayo yalimchangamsha karibu wiki nzima.

Bi_Nuru
Dada_Mtu, mimi ni Mwislamu, naomba nichangie kwa adabu.

Kwetu pia watu hudhani dini na kicheko ni mafuta na maji. Imepokewa kwamba mtu alimwomba Mtume (s.a.w.) mnyama wa kupanda, akamwambia, "Nitakupandisha juu ya mtoto wa ngamia." Mtu yule akashangaa: nitamfanyia nini mtoto wa ngamia? Akajibiwa: kwani yuko ngamia asiyezaliwa na ngamia? Utani upo, ila hapakuwa na uongo wala aliyedhalilishwa. Upande wa pili, Surat Al-An'am aya ya 108 inatukataza sisi waumini kuwatukana wanaoabuduwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu bila kujua. Hapo Mzee_wa_Kona tunaachana kidogo kuhusu kejeli.

Lakini nikuambie nilichokiona kwenye maelezo yako, na naona wanaume wamekiruka. Mama yako hakujitoa kwenye kundi kwa kumtetea Mungu. Mama wa Kikristo mwenye mtoto aliyeacha dini anaishi na hofu ya kutokuwa naye kesho akhera. Kila siku anajipa moyo kuwa kijana atarudi. Utani ule ulimwambia, mbele ya ndugu wote, kwamba harudi. Kwa hiyo radhi ya hadharani anayoitaka baba haitamtibu mama. Kaka ampigie mama, wao wawili tu, na mjadala wa mafuriko usiguswe.

Mzee_wa_Kona
Bi Nuru, hapo nimenyoosha mikono.

Padri_Sio_Mimi
Kuna aliyesema dini si ya kuchezea. Tarehe 14 Juni 2024 Papa Fransisko aliwaita Vatikani wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, akawaambia kumcheka Mungu si kufuru, inawezekana, kama tunavyotaniana na watu tunaowapenda. Akaongeza kuwa wanaweza kufanya hivyo bila kuumiza hisia za waumini, hasa maskini.

Nyundo_Moja
"Watu tunaowapenda." Umejijibu mwenyewe mkuu. Huyo kaka anampenda Mungu wapi?

Sina_Dhehebu
Kwa kipimo hicho asiyeamini hatakiwi kutania dini hata siku moja, na muumini atanie atakavyo. Mjomba akisema "wachungaji tunapenda sadaka," vicheko. Kaka akisema hayohayo, ni shambulio. Naelewa kwa nini: wa ndani anajicheka, wa nje anacheka wenzake. Ila huyu ni wa ndani ya familia! Hilo ndilo walilolisahau, na pengine yeye mwenyewe kalisahau.

Na kumnyima kipaza sauti hakutamnyamazisha. Filamu ya vichekesho ya Life of Brian, kuhusu mtu anayedhaniwa kuwa Masihi, ilipotoka mwaka 1979, Norwei na Ireland ziliizuia. Sweden wakaitangaza kuwa inachekesha mno hadi Norwei wameipiga marufuku. Mkimwondoa kaka, harusi nzima itaulizana kwa nini, na utani wake utasambaa meza kwa meza.

Dada_Mtu
Nashukuruni sana. Nimeongea naye. Kisa cha Russell kimemchekesha, kisha akasema nimemtega. Swali lake hataliombea radhi, lakini atampigia mama simu. Hajui tu aanzie wapi.

Wasiwasi wangu mwingine: upande wa bwana harusi ni watu wa msimamo mkali. MC asiyeamini atafunguaje shughuli kwa maombi? Akisali atakuwa mnafiki, asiposali itakuwa aibu.

Bi_Nuru
Aanzie na "mama, umekula?" Mengine yatakuja.

Mzee_wa_Kona
MC haombi, MC anaita mwombaji. "Namkaribisha mchungaji atuongoze kwa sala," basi, asimame wima kwa heshima. Nimehudhuria harusi ambazo MC ni muumini na bado alifanya sala iwe mzaha, kwa hiyo imani si dhamana. Vichekesho vyake viwe vya maharusi na wajomba. Dini aipite mbali siku hiyo, hata utani mzuri, kwa sababu wageni hawamjui na watahesabu kila neno.

Nyundo_Moja
Haya, kwa masharti hayo naweza kukaa kwenye hiyo harusi. Nyuma, karibu na mlango.

Dada_Mtu
Mrejesho wakuu. Mama karudi kwenye kundi. Walichoongea na kaka hawajasema, nami sijauliza. Baba ameshusha masharti, ila mjomba kaweka lake: lazima akague vichekesho vyote vya kaka kabla ya harusi. Kaka kakubali, kwa sharti kwamba na yeye akague mahubiri ya mjomba. Sasa hivi wamejifungia chumbani tangu mchana, na anayesikika akicheka ni mjomba.