Bakapu kwenye kompyuta mpya: nikopi mwenyewe, nitumie File History, au nirudishe imeji nzima?

MhasibuMoro

Wakuu, salaam. Ofisi yetu ni SACCOS ndogo. Kompyuta tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Windows 10, na prosesa yake haikubali Windows 11. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, uongozi umenunua mashine mpya yenye Windows 11 Pro.

Bakapu zote ziko kwenye diski ya nje ya TB 1. Nikiifungua naona folda tatu: FileHistory (ya zana ya Windows inayohifadhi nakala za faili), nyingine yenye jina la kompyuta ya zamani, na WindowsImageBackup. Jumla ni kama GB 200: fomu za mikopo, picha za vitambulisho vya wanachama, barua za Outlook na vitabu vya QuickBooks, programu yetu ya hesabu.

Kijana mmoja ananiambia nikopi tu kila kitu nibandike. Mwingine anasema nirudishe imeji nzima (nakala ya diski yote pamoja na Windows), mashine itaamka kama ile ya zamani. Wa tatu anasema nipandishe vyote mtandaoni kisha nishushe. Hizi ni pesa za watu, sitaki kubahatisha. Mngekuwa ninyi mngeshika njia ipi?

FundiKariakoo

Mkuu, imeji nzima iache. Imeji ni ya kurudisha mashine ileile iliyokufa diski. Ukiimwaga kwenye mashine tofauti unaleta Windows 10 uliyokuwa unaikimbia, na draiva za ubao mama wa zamani, na leseni ambayo mara nyingi imefungwa kwenye ubao huo. Tena diski mpya isipofikia ukubwa wa ile ya zamani, zana ya Windows inagoma. Na kama ya zamani ilikuwa inawaka kwa mtindo wa kale wa BIOS huku mpya ni ule wa kisasa wa UEFI, hapo ndiyo kabisa.

Lakini usiifute. Ndani ya WindowsImageBackup kuna faili zenye mwisho wa .vhdx, kila sehemu ya diski ya zamani na faili yake. Nenda Disk Management, chagua Attach VHD, weka alama kwenye Read-only, kisha onyesha ile kubwa. Itatokea kama diski yenye herufi yake, na C yote ya zamani utaiona kama ilivyokuwa siku imeji ilipopigwa. Mimi hapo huwa naokota vitu ambavyo bakapu nyingine zimeviruka. Hiyo Read-only usiisahau, inazuia Windows kuandika chochote ndani ya imeji.

Nassor_Mvita

Ndugu yangu Fundi, kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe. Ila kuna hali moja mashine nzima inahitajika: programu ya zamani ambayo CD yake imepotea na aliyeitengeneza hapatikani. Ofisi nyingi huku Mombasa ziko hivyo. Faili unaweza kuzikopi, lakini programu haikopiki, maana vipande vyake vimetawanyika kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake.

Kama ile ya zamani bado inawaka, chukua Disk2vhd ya Sysinternals. Ni ya bure, na inaigeuza diski nzima kuwa faili moja unayoweza kuiwasha ndani ya Hyper-V (sehemu ya Windows inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta) kwenye mashine mpya. Hyper-V haimo kwenye toleo la Home, ila wewe una Pro. Ikishawaka, ikate mtandao, iwe ya kusomea rekodi tu.

Bi_Takwimu

Habari zenu. Naona folda ya FileHistory haijaguswa na mtu, nami naamini ndiyo njia yako kuu. Tafadhali usikopi na kubandika kutoka humo kabla hujaelewa inavyohifadhi.

Ukiingia FileHistory, kisha jina la mtumiaji, jina la kompyuta, Data, halafu C, utakuta folda zako. Lakini kila faili ina tarehe na saa kwenye jina, kama "Mikopo (2025_03_12 05_10_00 UTC).xlsx". Kwa kawaida File History huchungulia mabadiliko kila saa, na kila faili iliyobadilika inapata nakala mpya. Daftari unalolifungua kila siku linaweza kuwa na nakala mia. Ukibandika zote kwenye Documents, karani atafungua ya Januari akiidhani ya leo, aanze kuandika marejesho humo. Hapo ndipo hesabu zinapoharibika bila mtu kujua.

Hiyo saa nayo ni ya UTC, saa ya kimataifa. Kwetu ongeza saa tatu: 05_10 ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Inasaidia sana unapotafuta nakala ya kabla ya kosa fulani.

Kwa hiyo iachie zana yenyewe kazi ya kuchagua. Chomeka diski, fungua Control Panel, ingia File History, chagua diski hiyo, kisha weka alama panapokuuliza kama unataka kutumia bakapu ya awali iliyomo. Chagua kompyuta ya zamani, halafu nenda Restore personal files. Inakuletea nakala ya mwisho ya kila faili, na jina linarudi safi bila tarehe. Kama jina la mtumiaji limebadilika, usibonyeze kile kitufe cha kijani moja kwa moja. Bonyeza gia pembeni, chagua Restore to, uelekeze kwenye folda mpya, tuseme C:\Zamani. Ukishakagua ndiyo unahamishia mahali pake.

Jambo moja la kuangalia sana: File History haichukui diski nzima. Inachukua Desktop, Documents, Pictures na zile ulizoiongezea. Vitabu vya QuickBooks kwa kawaida hukaa kwenye Public Documents, nje ya folda ya mtumiaji. Vitafute mwenyewe kwa jina, usidhani vimo.

Mpigapicha_Arusha

Kuhusu kupandisha mtandaoni, piga hesabu kwanza. GB 200 kwa megabiti 10 kwa sekunde, bila mtandao kuyumba hata kidogo, ni kama saa 44. Hiyo ni kupandisha tu, bado kushusha, na kasi ya kupandisha mara nyingi ni ndogo zaidi. Diski hiyohiyo kwenye tundu la zamani la USB 2.0 inamaliza kwa saa moja na nusu au mbili, ikichelewa sana nusu siku kama faili ni nyingi na ndogondogo. Nafasi ya bure OneDrive ni GB 5, Google ni GB 15. Hapo hakuna mjadala.

Ila kuna mtego wa bando. Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, Documents na Desktop zinaweza kuwa tayari zimehamia ndani ya folda ya OneDrive. Ukimwaga GB 200 kwenye Documents, inaanza kupandisha palepale na bando linayeyuka. Kabla ya kurejesha chochote, bonyeza alama ya wingu pale chini na usitishe.

MhasibuMoro

Asanteni sana. Dada Bi_Takwimu, umeniokoa na hizo tarehe, nimezikuta kama ulivyosema. Maswali mawili: ile folda yenye jina la kompyuta naifunguaje? Na nikijaribu kuingia ndani naambiwa sina ruhusa.

FundiKariakoo

Hiyo ni bakapu ya mtindo wa Windows 7. Zana yake bado imo kwenye Control Panel, jina lake Backup and Restore (Windows 7). Chagua "Select another backup to restore files from", uelekeze kwenye diski, uirejeshe kwenye folda ya pembeni. Ndani ni faili nyingi za zip. Bakapu ya kwanza katika kila seti imebeba vyote, zinazofuata zimebeba yaliyobadilika tu. Kama unatafuta waraka mmoja, fungua zip kwa mkono. Kazi yote iachie zana.

Ruhusa: bonyeza Continue kama wewe ni msimamizi wa mashine. Ruhusa za zamani zimeandikwa kwa jina la mtumiaji ambaye mashine mpya haimjui, ndiyo sababu inakataa. Ikigoma bado, usibadilishe ruhusa kwenye bakapu yenyewe: fungua Command Prompt kama msimamizi, uikopi folda hiyo kwa robocopy (amri ya Windows ya kukopi) yenye /B, inayosoma hata faili ambazo ruhusa zake zinakukataa.

Lakini ukikuta faili zenye alama ya kufuli, hizo zimefichwa kwa EFS, ufichaji wa faili wa Windows. Hapo ruhusa haisaidii, unahitaji cheti kutoka mashine ya zamani. Na diski ikiomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski nzima), ni tarakimu 48. Kwa sababu hizo mbili, mashine ya zamani isiuzwe wala kufomatiwa kwanza.

Bi_Takwimu

Naongeza kuhusu Outlook. Kinachorejesheka ni faili ya .pst. Ukikuta .ost usipoteze muda nayo: ni kivuli cha barua zilizoko kwenye seva, ukiweka akaunti zinashuka zenyewe. Kopi .pst ndani ya mashine kwanza, usiifungulie kwenye diski ya nje, na tumia Outlook ile ya kawaida ya Office.

QuickBooks nayo: kama una .qbb (faili ya bakapu yake), irejeshe kupitia menyu ya programu yenyewe. Toleo jipya linafungua bakapu ya toleo la zamani, kinyume chake halikubali.

Nassor_Mvita

Na utakapokopi kutoka kwenye ile imeji, tumia robocopy badala ya kuburuta. Andika /E /COPY:DAT /R:1 /W:1 na /LOG, ili ikishindwa faili moja iendelee na ikuandikie ipi imeshindwa. /MIR usiiguse: inafuta kwenye folda unayopelekea kila kisichokuwepo kule inakotoka.

MhasibuMoro

Mrejesho, wakuu. Nimeshika njia ya File History kwenda C:\Zamani, hati zote zimerudi na majina safi. Vitabu havikuwemo kweli. Nimevipata ndani ya imeji, kwenye Public Documents, pamoja na .qbb ya tarehe ya baadaye zaidi, nikarejesha hiyo. Nimetoa urari na kuulinganisha na ule uliochapishwa mwisho wa mwezi: umekubali hadi senti. Picha za vitambulisho nimefungua chache kutoka kila tawi, zinafunguka.

Sasa mashine mpya inaniuliza kama nianze bakapu kwenye diski hiihii. Nikubali?

FundiKariakoo

Hapana. Omba uongozi ununue diski ya pili, bakapu mpya iende huko. Hii ibandike karatasi yenye tarehe, ikae kabatini walau mpaka mkaguzi afunge hesabu za mwaka huu.