Laibrari ya Java kuwa bando la OSGi: dipendensi nizibebe ndani au niziache nje?

nuru_kodi

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Nina laibrari ya Java inayosoma faili kubwa za CSV na kuzitoa kama JSON, ni jar moja ya kawaida, nabildi kwa Maven, na kwenye klasipathi ya kawaida inapiga kazi vizuri kabisa. Sasa kuna timu inataka kuitumia ndani ya Karaf (konteina ya OSGi, yaani mfumo wa Java unaoendesha jar kama vipande vinavyojitegemea), kwa hiyo lazima iwe bando (jar yenye manifesti ya OSGi). Nikaweka maven-bundle-plugin, packaging nikabadili ikawa `bundle`, jar ikatoka na manifesti (faili la maelezo ndani ya jar) imejaa vitu, ila nikishaiinstall haiwaki, inabaki Installed tu na inatoa hii:

```
Unable to resolve csvripoti [57](R 57.0): missing requirement
[csvripoti [57](R 57.0)] osgi.wiring.package;
(&(osgi.wiring.package=com.google.gson)(version>=2.10.0)(!(version>=3.0.0)))
```

Gson (laibrari ya JSON) ipo kwenye pom (faili la Maven la kubildi), nimekompaili nayo, testi zote zimepita, sasa inakuwaje isionekane? Mbali na Gson natumia slf4j-api (ya logi) na kijilaibrari kimoja kidogo cha kusoma tarehe ambacho manifesti yake haina habari yoyote ya OSGi. Nizibebe zote ndani ya jar yangu tumalizane, au niziache nje? Nimesoma huku na kule kila mtu anasema lake.

Fundi_Jar

Mkuu hiyo erori isome polepole, imekwambia kila kitu. Bando lako namba 57 linataka pakeji `com.google.gson`, vesheni kuanzia 2.10.0 lakini isifike 3.0.0, na ndani ya konteina hakuna bando lolote linaloitoa pakeji hiyo. Basi. Pom ni habari ya kubildi, konteina haiijui pom yako wala haitaisoma, yenyewe inasoma `META-INF/MANIFEST.MF` peke yake.

Kwenye klasipathi ya kawaida jar zote zinamwagwa pamoja na kila klasi inaiona nyenzake, huku kwenye OSGi ni hodi kwanza: kila bando lina klasiloda yake (kinachopakia klasi), linaona pakeji zake lenyewe, pakeji za `java.*`, na zile lilizoziomba kwenye `Import-Package` basi, na lingine nalo liwe limezitoa kwenye `Export-Package`. Hata `javax.*` lazima uziombe, watu wengi hapo ndipo wanapokwama.

Kwa Gson dawa ni rahisi, jar yake tayari ni bando kamili, unaiinstall tu kabla ya yako:

```
bundle:install -s mvn:com.google.code.gson/gson/2.10.1
```

Halafu bora zaidi andika faili la features (orodha ya Karaf ya mabando ya kuinstall pamoja) uweke la kwako na Gson pamoja, timu ile waite kitu kimoja tu. Ikigoma tena piga `bundle:diag` na namba ya bando, itakuonyesha kinachokosekana.

Ila kabla ya kwenda mbali fungua hiyo manifesti uangalie `Export-Package` imetoa nini. Hiyo plagini usipoiambia kitu inatoa nje pakeji zako zote isipokuwa zenye `impl` au `internal` kwenye jina, kwa hiyo kama una pakeji inaitwa `csvripoti.util` imeshatoka hadharani, na ikishatoka kuna mtu ataitumia, na akiitumia huwezi kuibadilisha tena bila kumvunjia kazi yake. Taja mwenyewe unachotoa:

```
<instructions>
  <Export-Package>csvripoti.api</Export-Package>
  <Private-Package>csvripoti.ndani.*</Private-Package>
</instructions>
```

mzee_wa_manifesti

Naongezea kwenye lile swali la kubeba ndani au kuacha nje maana ndilo zito. Mimi kipimo changu ni kimoja: je, klasi za hiyo dipendensi zinaonekana kwenye metodi zako za hadharani? Kama kwenye `csvripoti.api` kuna metodi inarudisha `JsonObject` ya Gson, USIIBEBE ndani, iache nje uiimpoti. Ukiibeba, wewe utakuwa na `JsonObject` yako iliyopakiwa na klasiloda yako na yule anayekutumia ana `JsonObject` yake, majina sawa herufi kwa herufi lakini kwa JVM hizo ni klasi mbili tofauti, atapata `LinkageError`, au `ClassCastException` inayosema JsonObject haiwezi kuwa JsonObject, na mtu asiyejua klasiloda atakesha na hiyo kitu.

slf4j pia iache nje, logi ni jambo la konteina nzima, hutaki kila bando liwe na logi yake.

Kile kijilaibrari cha tarehe hicho ndicho cha kubeba. Kidogo, hakionekani nje, hakina manifesti ya OSGi, na hakuna mtu mwingine anayekihitaji. Unaandika:

```
<Embed-Dependency>tarehe-ndogo;inline=true</Embed-Dependency>
```

Angalia kitu kimoja lakini. Ukishakibeba, bnd (hiyo ndiyo injini iliyo chini ya plagini) inazichambua na klasi zake pia, kwa hiyo kila alichokitumia mwenye laibrari kinakuwa ombi lako. Utashangaa ghafla unaimpoti `org.joda.time` ambayo hujawahi kuigusa maishani, kwa sababu ndani kuna klasi moja inayoisapoti Joda (laibrari ya tarehe) kama ipo. Hapo una njia mbili, kuikata kabisa au kuifanya ya hiari:

```
<Import-Package>
  !org.joda.time.*,
  javax.xml.bind.*;resolution:=optional,
  *
</Import-Package>
```

Hiyo nyota ya mwisho usiisahau hata kidogo, bila hiyo unakuwa umesema "naomba hivi tu" na maombi mengine yote yanapotea, bando linawaka vizuri kabisa halafu linakufa na `NoClassDefFoundError` mtumiaji akishaanza kazi. Na mpangilio una maana, linasomwa kutoka juu, nyota ikikaa mwanzo imeshameza kila kitu. Ukikata kwa `!` hakikisha kweli ile njia ya kodi haifikiwi, usikate tu ili erori inyamaze.

kipanya_java

Mbona hamsemi `Require-Bundle`? Mimi naona rahisi, unataja jina la bando na vesheni yake mambo yamekwisha. Na kwa hicho cha tarehe si atumie tu `wrap:mvn:` ya Karaf, inatengeneza manifesti yenyewe papo hapo bila kugusa kitu.

mzee_wa_manifesti

@kipanya_java `Require-Bundle` inakufunga na jina la bando. Kesho mwenye nalo akiligawanya mawili, au mtu akaleta bando lingine linalotoa pakeji zilezile, wewe umekwama. `Import-Package` haijali nani anatoa, inajali pakeji na vesheni yake tu. Kwenye plagini za Eclipse utaikuta `Require-Bundle` kila mahali na kule wana sababu zao, lakini laibrari inayokwenda kwa watu usiowajua, hapana.

`wrap:` ni nzuri kwa kujaribu. Ubaya wake inatoa pakeji zote nje na maombi yote inayafanya ya hiari, yaani bando litakubali kuwaka hata kama nusu ya linavyohitaji havipo. Nataka bando ligome mapema likiwa bado mikononi mwangu, sio lianguke kwa mtumiaji katikati ya kazi.

nuru_kodi

Asanteni sana wakuu, sasa inawaka! Nimeacha Gson na slf4j nje, tarehe nimeibeba ndani, natoa `csvripoti.api` peke yake. Limebaki moja. Laibrari inaruhusu watu kuleta visomaji vyao, kuna interfesi `Kisomaji` na mtu anaandika klasi yake na kuitaja kwenye `META-INF/services` halafu mimi naita `ServiceLoader.load(Kisomaji.class)`, ile njia ya Java ya kuzitafuta klasi hizo. Nje ya OSGi navipata vyote. Ndani ya Karaf inarudi tupu, hakuna erori, hakuna kitu, hata visomaji vyangu vilivyo ndani ya jar hiyohiyo havionekani.

dada_klasi

Hiyo ni ya kawaida sana ndugu yangu na inaudhi kwa sababu iko kimya. `ServiceLoader.load` ya namna hiyo inatumia klasiloda ya uzi (thread) unaoita, na ndani ya OSGi hakuna anayekuhakikishia hiyo ni ipi, inaweza kuwa ya bando lingine kabisa au isiwepo. Vya kwako utavipata ukitaja klasiloda mwenyewe:

```
ServiceLoader.load(Kisomaji.class, Kisomaji.class.getClassLoader());
```

Vya watu wengine hapo bado, kwa sababu klasiloda ya bando lako haioni ndani ya mabando yao, na ndivyo inavyotakiwa. Njia ninayoipenda ni servisi za OSGi zenyewe: aliye na kisomaji anaweka `@Component` juu ya klasi yake, wewe unavipokea kwa `@Reference`. Anotesheni hizo zinasomwa wakati wa kubildi tu, bnd inaandika faili la XML ndani ya `OSGI-INF`, kwa hiyo laibrari yako bado itatumika nje ya OSGi bila kudai jar yoyote ya ziada. Uzuri mwingine ni kwamba bando la mtu likiletwa au kuondolewa mfumo ukiwa unaendelea, unapewa taarifa, `ServiceLoader` haina hiyo.

Kama hutaki kugusa kodi yako basi weka Apache Aries SPI Fly kwenye konteina, hiyo ndiyo dalali wa `META-INF/services` kati ya mabando. Lakini haisaidii bando lisiloomba, upande wako lazima manifesti iseme `Require-Capability` ya `osgi.serviceloader.processor`, na upande wa mwenye kisomaji awe na `osgi.serviceloader.registrar` pamoja na `Provide-Capability`. Na hata hivyo huenda utaihitaji SPI Fly: slf4j-api kuanzia 2.0 inatafuta logi kwa `ServiceLoader`, na manifesti yake inadai hiyo prosesa, bila hiyo haiwaki kabisa.

Kingine, hiyo `Kisomaji` inaandikiwa klasi na watu wa nje, kwa hiyo iwekee `@ConsumerType`. Ukija kuongeza metodi mpya isiyo na mwili wake wa kuanzia, umewavunjia wote, hapo pakeji inapanda namba ya kwanza, 1.x inakuwa 2.0. Vesheni weka kwenye `package-info.java` kwa `@Version`, kila pakeji na yake, usiiache ifuate vesheni ya jar nzima. Halafu washa bnd-baseline-maven-plugin, inalinganisha na toleo lako lililopita na kugomesha bildi kama umebadilisha kitu hadharani bila kupandisha namba.

kipanya_java

Nimekuelewa mzee kuhusu `wrap:`. Sasa kwa nini asiende tu na moduli za Java zenyewe, `module-info.java`, zipo tangu Java 9 mwaka 2017, aachane na haya yote?

Fundi_Jar

Timu inatumia Karaf, hilo tayari limeamua. Ila havigombani, jar moja inaweza kuwa na vyote viwili. Kumbuka tu moduli za Java hazichagui vesheni, ndani ya `module-info` huwezi kusema nataka 2.10 mpaka chini ya 3, na hilo ndilo linalomwokoa hapa. Kama hana muda aweke angalau mstari `Automatic-Module-Name: csvripoti` kwenye manifesti ili jina la moduli lisitokane na jina la faili.

@nuru_kodi kabla hujawapa timu: usiwape SNAPSHOT (toleo ambalo bado linatengenezwa). Maven inaona `1.4.0-SNAPSHOT` ni ndogo kuliko `1.4.0`, lakini ikigeuzwa kuwa ya OSGi inakuwa `1.4.0.SNAPSHOT`, na huko neno la mwisho linaifanya iwe KUBWA kuliko `1.4.0` kavu. Zikikaa zote kwenye konteina moja, pakeji zimefuata vesheni ya jar, na hakuna iliyoanza kutumika, watu wataunganishwa na ile ya zamani huku wewe umeshatoa mpya. Waambie waiondoe kwanza, kisha wafanye refresh, maana kuiondoa peke yake haitoshi, bando lililokwisha kuunganishwa linaendelea kushikilia klasi za zamani mpaka refresh ipite.