Wenye punda Lindi na Mtwara, vidonda vya mgongoni vinatoka kwenye beseni lenu la kufulia!

Wakuu, salaam.

Huu ni uzi wa malalamiko na sitaupaka asali. Popote punda wanaposhusha mzigo, iwe Nachingwea, Kilwa au Masasi, inua tandiko uangalie mgongo. Utakuta ngozi imechubuka pale shingo inapokutana na mgongo, mabaka ya nywele nyeupe yaliyoota juu ya majeraha ya zamani, na usaha uliogandia kwenye blanketi. Muulize mwenye mnyama, atakwambia mzigo ulikuwa mzito au punda mkaidi. Si kweli hata kidogo! Mzigo wa kilo 50 hauchuni ngozi ya punda mzima mwenye afya kama chini yake kuna tandiko safi, laini, lililokaa sawa. Vidonda hivyo vingi vilianza siku tandiko la sufu (manyoya ya kondoo) lilipochemshiwa maji, likasuguliwa kwa sabuni ya unga, likakamuliwa kwa kusokotwa, kisha likatupwa stoo likiwa bichi.

Kwanza tuelewane kwa nini sufu. Inafyonza unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na ina mnepo: mzigo ukiibana, inarudi. Ndiyo maana watu wa farasi wameishikilia miaka yote. Huku kusini farasi hatuna, mbung'o hawakuwaacha, lakini mgongo wa punda unaumia kwa namna ileile. Gunia la plastiki halifyonzi jasho, linapika ngozi. Usumba wa nazi unachoma. Sufi ya mti wa msufi inafukuza maji na inashindiliwa upesi ikawa bapa. Wafugaji waliohamia Kilwa na Nachingwea kutoka bonde la Ihefu kule Mbeya walikuja na punda wao, na wengi tumejifunzia kwao kufunga mzigo. Kutunza sufu kwenye joto na unyevu wa pwani ni jambo jingine, na hapo ndipo tunapoboronga.

Unyoya wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto yanayafanya yafunguke, sabuni kali inayatanua zaidi, na kusugua kunayaingiza moja ndani ya jingine. Yakishashikamana hayaachani tena, usijidanganye kwamba utalivuta lirudi. Tandiko lililokuwa na unene wa sentimita tatu linakuwa gamba gumu la sentimita moja, tena limepungua upana, kwa hiyo ukingo wake unaishia chini kabisa ya mbao ya fremu inayobeba mzigo badala ya kuzidi nje vidole vinne kila upande. Mbao inabonyea ukingoni na kidonda kinafuata mstari uleule. Angalieni vizuri, mtauona huo mstari.

Kuhusu jiki sitaki mjadala. Sufu ni protini, kama nywele zako, na jiki inayeyusha protini. Tumbukiza uzi wa sufu kwenye jiki isiyochanganywa na maji, utalainika hadi uishe. Sasa wewe unaloweka tandiko zima humo ili "liue wadudu"! Sabuni za unga zinazosifiwa kwa kula madoa ya damu na maziwa nazo hazifai: zina vimeng'enya vya kuvunja protini, na vimeng'enya havijui kutofautisha doa na unyoya.

Fueni hivi. Tandiko likauke kwanza, likung'utwe, lipigwe brashi ngumu kwa kufuata mwelekeo wa nyoya, mbigili zote zitolewe kwa mkono. Ndoo ya lita 20, maji ya baridi au vuguvugu yasiyozidi joto la mwili, bila sabuni, loweka dakika 20. Maji yatageuka rangi ya chai: hilo ni jasho na chumvi yake, ambavyo vinatoka kwa maji matupu. Mwaga, rudia. Ndipo uweke shampuu ya kawaida ya nywele, vijiko viwili vya chakula kwa ndoo, bonyeza kwa viganja, achia, bonyeza tena. Usisugue! Suuza mara tatu kwa maji ya joto lilelile, maana kuhama ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi nako kunalifinya. Suuzo la mwisho weka siki vijiko vitatu au vinne vya chakula, inaondoa ukali wa sabuni uliobaki. Kisha lizungushe ndani ya kanga kuukuu kama mkeka na ulikanyage maji yahamie kwenye kanga. Kusokota ni mwiko.

Kukausha: litandaze kitanda cha kamba au juu ya chanja, kivulini, upepo upite juu na chini, na uligeuze asubuhi na jioni. Ukilining'iniza kwa pembe moja uzito wa maji unalivuta na halitakaa sawa tena. Upepo wa kusi ndio rafiki wa kazi hii, kati ya Juni na Septemba. Ukisubiri Desemba mvua imeshaanza na tandiko nene litakaa wiki na harufu ya uvundo. Usidanganyike na nje kukauka. Likunje katikati, weka mkunjo shavuni. Ukihisi ubaridi, ndani bado kuna maji.

Na acheni kufua kila wiki. Likifuliwa vizuri mara mbili kwa msimu linatosha. Kazi ya kila siku ni kulianika upande wa jasho ukitazama juu mara tu mzigo ukishuka, na kesho yake brashi kabla halijapanda tena mgongoni. Chumvi ya jasho ikikauka mle inakuwa punje, na punje zinakwangua ngozi mwendo mzima. Wa Mikindani na Kilwa mnaolichovya baharini mnaongeza chumvi juu ya chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo halikauki milele.

Sasa stoo. Hapa ndipo hasira yangu yote ilipo.

Msimu wa korosho ukikaribia, kila kitu kinarundikwa chumba kimoja: magunia, mabomba ya kupulizia, salfa ya mikorosho, maganda, na tandiko la punda juu yake. Ganda la korosho lililovunjika linatoa mafuta yanayobabua. Kila aliyebangua korosho kwa mkono bila kujipaka kitu anajua yanavyofanya vidole. Sufu inayanyonya na kuyatunza, halafu unayafunga mgongoni mwa mnyama, joto na jasho vinayatoa polepole siku nzima. Malengelenge yakitokea mnasema ni ugonjwa wa ngozi! Wengine wanachukua mifuko mitupu ya salfa wanaishona kuwa ganda la tandiko. Vumbi la salfa linawasha ngozi na macho, mnalijua wenyewe, ndiyo maana mnajifunga vitambaa usoni mnapopuliza. Punda yeye hana kitambaa.

Tandiko liwekwe chumba kisichokaa korosho wala dawa, likiwa safi na kavu kabisa, juu ya chanja, si sakafuni, kwa kuwa saruji inapandisha unyevu. Lifungwe kwenye kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kaniki au foronya nene, mdomo ufungwe kwa kamba. Mfuko wa nailoni kwa hewa ya pwani unaotesha ukungu kwa ndani. Mnaoogopa nondo mjue kwamba nondo mwenyewe hali sufu, anayekula ni funza wake, na anapenda iliyo chafu kwa jasho na mafuta kuliko iliyo safi. Fungua kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, kung'uta juani, angalia mikunjo na mishono. Ukiona mirija midogo ya utando na punje kama mchanga, wameshaingia.

Kuna ukatili mwingine umeenea na lazima ukome. Watu wanachukua dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi, wanapulizia tandiko ili kuua wadudu, wanalifunga likiwa bado linanukia. Amitrazi haitakiwi kwa farasi: inasimamisha utumbo, mnyama anapata msokoto wa tumbo na anaweza kufa. Punda ni jamii hiyohiyo. Soma lebo kabla hujapulizia, imeandikwa ni ya mnyama gani!

Kila punda awe na tandiko lake. Choa kinahama kwa tandiko, na vijidudu vyake vinadumu miezi mingi. Kulichemsha huwezi, jiki huwezi, kwa hiyo lililovaliwa na punda mwenye choa kichome moto. Najua linauma kwa gharama, lakini litakuambukizia wote.

Kwa wauzaji nao nina neno. Mnauza blanketi la akriliki (nyuzi za plastiki) kwa bei ya sufu, na mashuka ya kimasai ambayo karibu yote ni akriliki au pamba. Mnunuzi, chomoa uzi mmoja uuwashe. Sufu inanuka nywele iliyoungua, moto unajizima ukiutoa, na jivu jeusi linasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kipira kigumu. Kwenye mitumba bado yanapatikana mablanketi na makoti ya sufu halisi, yakunjwe na kushonwa mito miwili, mmoja kila upande, uti wa mgongo ubaki wazi katikati.

Tena kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Kumbebesha mzigo mnyama mwenye kidonda wazi ni kosa, si mila wala umaskini. Maofisa mifugo wanaoona migongo hiyo sokoni wakapita kimya nao wana lao la kujibu.

Naomba kuwasilisha.

NYONGEZA, kwa maswali yaliyoulizwa:

Wa Newala na Tandahimba mnaosema maji ya kufulia hayapo: kingeni maji ya mvua kwenye pipa na myahifadhi kwa kazi hii. Ndiyo maji bora kwa sufu, laini, sabuni inatoa povu kwa kiasi kidogo. Wa visima vya pwani vyenye maji ya chumvi, suuzo la mwisho na ninyi liwe la mvua. Maji yakikosekana kabisa, brashi na upepo kila siku vinafanya kazi kubwa kuliko kufua vibaya mara moja.

Aliyeuliza atajuaje tandiko limekaa vibaya kabla ya kidonda: baada ya kazi, inua uangalie jasho. Mgongo ukiwa umelowa sawasawa ila kuna kipande kikavu, hapo mbao imebana hadi jasho limeshindwa kutoka. Rekebisha siku hiyohiyo.

Aliyeuliza kuhusu kufukuza nondo: majani ya mwarobaini yaliyokaushwa hayadhuru, lakini usiyategemee peke yake, funza walioko ndani hawafi. Vidonge vya nondo vikitumika, vifungwe kwenye kitambaa visiguse sufu, na tandiko lipigwe upepo siku tatu kabla ya kumfunga mnyama.

Na wenye funza tayari: mwenye friza ya samaki inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, funga tandiko kavu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, liache humo wiki mbili. Ukilitoa usifungue mfuko hadi siku ya pili, joto lake lilingane na la chumba, la sivyo unyevu wa hewa ya nje utageuka maji juu ya sufu na utaanza kukausha upya.