Tupeane uzoefu: Umewahi kula kwenye migahawa ya kienyeji kule Italia? Bili ilikujaje?

Mleta uzi
Wakuu habari za jioni. Nimerudi juzi kutoka Italia, siku tisa, Roma na Firenze. Naanza na aibu yangu mwenyewe halafu nanyi mshushe za kwenu.

Firenze niliingia trattoria, yaani kale kamgahawa ka familia, meza kama kumi, menyu ya kuandikwa kwa mkono. Nikaona bistecca alla fiorentina, pembeni 5,50. Nikajisemea nyama ya euro tano na nusu, leo nakula kifalme. Mhudumu akaja na pande bichi lenye mfupa juu ya ubao, akanionyesha. Nikatingisha kichwa kwa furaha, si nilidhani ananisalimia na nyama!

Kumbe ile bei ni ya etto, yaani gramu 100. Pande lilikuwa kilo 1 na gramu 200. Piga hesabu: euro 66. Tena imekuja nje imebabuka, ndani nyekundu kabisa. Nikaomba irudishwe jikoni kidogo, yule mama akaniangalia kama nimemtusi ukoo wake. Nikala hivyo hivyo. Na mkate wao hauna chumvi. Nilidhani mpishi kasahau, kumbe mkoa ule wa Toscana ndiyo desturi.

Kijiko Mchuzi
Pole mkuu, 66 bado hujaongeza coperto. Hiyo unalipa kwa kila kichwa kwa sababu tu umekaa mezani, euro mbili tatu hivi. Mimi niligomba nusu saa nikidhani naibiwa, kumbe imeandikwa chini kabisa ya menyu kwa herufi za sisimizi.

Ba'Mkubwa
Nimesoma Roma miaka minne na posho ya mwanafunzi mnaijua. Aliyetangulia pale alinipa somo siku ya kwanza: ukiona mtu kasimama mlangoni anakuvuta mkono, na picha za tambi zimebandikwa nje, pita hivi. Nenda wanakokula wafanyakazi.

Akanipeleka mtaa wa Testaccio. Pale palikuwa na machinjio makubwa ya jiji, yalifungwa 1975. Wachinjaji sehemu ya ujira wao walipewa vile ambavyo matajiri hawakuvitaka: utumbo, mkia, moyo, ini. Wenyewe wanaita quinto quarto, robo ya tano. Ng'ombe ana robo nne za kuuza, hiyo ya tano ndiyo ya mnyonge. Wake zao na mama ntilie wa pale wakaigeuza kuwa mapishi, na leo watalii wanapanga foleni.

Jumamosi ndiyo siku ya trippa. Ni utumbo, wakuu! Umepikwa na nyanya, juu majani ya nanaa na jibini la pecorino la kukwangua. Mimi nimekulia supu ya utumbo na ndimu, nilipoweka kijiko mdomoni nikanyamaza. Nanaa kwenye utumbo sikuwahi kuwaza, lakini inakata ile harufu kuliko hata tangawizi. Mkia nao wanauchemsha masaa na seleri hadi nyama inaachia mfupa yenyewe.

Kuhusu mvinyo, usijisumbue na orodha ya chupa. Sema "mezzo litro della casa", unaletewa nusu lita kwenye jagi, ile wanayokunywa wenyewe.

Mvita Moja
Assalaam aleikum. Sisi wengine shida si bili, ni nguruwe. Ile tambi ya carbonara wanayoisifu watu ina guanciale, shavu la nguruwe, na tambi ya amatriciana vivyo hivyo. Nilijifunza neno moja tu, "maiale?", nauliza kwa kila sahani.

Venice ndiko nilikoshiba. Baa zao ndogo za mvinyo zinaitwa bacari. Nina mjomba anaitwa Bakari, hajawahi kugusa tone maishani, nikampigia simu kumwambia mji mzima una baa za jina lake. Hakucheka. Watu wanasimama kaunta na kiglasi wanachokiita ombra, maana yake kivuli, na vipande vya mkate vilivyopakwa hiki na kile. Mimi nikachukua maji na sarde in saor: dagaa wakubwa wa kukaanga, wamelazwa kwenye vitunguu na siki, zabibu kavu ndani. Yaani mtu wa pwani unaijua hiyo akili ya kutunza samaki. Hakuna aliyeniuliza mbona sinywi.

Kijiko Mchuzi
Kusimama ni akili pia. Kahawa ile ile ukiinywa kaunta bei moja, ukikaa mezani kwenye uwanja wenye watalii unalipia na kiti.

Mtu wa Malindi
Mimi Kiitaliano nilijifunzia ufukweni kabla ya Kiingereza kunyooka, hapa kwetu si ajabu. Shemeji yangu ni wa Bergamo, akanipeleka osteria, kamgahawa ka kwao kijijini. Ikaletwa polenta, imemwagwa juu ya ubao, inatoa mvuke, njano. Nikamwambia shemeji, huu ni ugali. Akasema onja kwanza. Sikuonja, nilinawa mikono nikamega tonge, nikabonyeza shimo, nikachovya mchuzi.

Meza ya jirani kimya. Mzee mmoja akaweka uma chini, naye akamega. Kaungua vidole, kapuliza, karudia. Tonge lake halikushika, polenta yao ni laini kidogo, lakini hakukubali kushindwa.

Mleta uzi
Hahaha, mkuu umenimaliza. Na mboga ilikuwa nini?

Mtu wa Malindi
Sungura. Mchuzi wake mzee yule aliufuta na mkate mpaka sahani ikang'aa.