Nimegongwa nyuma, nina bima ndogo: nani ananilipa?

MamaVitz: Jana daladala imenigonga nyuma pale Mwenge, buti limeingia hadi siti. Bima yangu ndogo. Dereva anataka anipe laki moja tuyamalize. Nichukue?

Dalali_wa_Bima: Usichukue, dada! Buti tu na rangi laki haifiki popote. Bima yako ndogo hailipi gari lako, inalipa uliowagonga. Hapa mwenye kosa ni yeye, kwa hiyo unadai kampuni yake. Namba ya gari lake unayo? Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, yaani mamlaka ya bima, uone kama ana bima, halafu fuata ripoti ya trafiki.

MamaVitz: Ninayo, bima yake hai. Ila shingo inauma.

Dalali_wa_Bima: Basi PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali, risiti zote tunza. Gari lisiguswe na fundi kabla ya mkaguzi wa bima kuliona.